Sanduku Yenye Kamate Alibeba

Bunia, tarehe 4 ya mwezi wa tatu 1984

Kwako Hortense, mudogo wangu ya tumbo moja,

Siye huku tuko wazima, Mungu anatuchunga. Magoti yangu tu njo inalia asubui, lakini tangu lini magoti ya mwanamuke mwenye kutumika inanyamazaka? Bwana yako Athanase anaendelea namna gani? Nilisikia kama ule upande ya kuume ingali imekufa. Umukande na mafuta, na usimuache alale fasi moja siku yote. Kuku yangu ya mabaka iliangua kumi na moja. Geneviève wa chama ya bamama anakusalimia. Ameneneka! Siku ya Mungu aliikala ku benchi ya kanisa, tukasikia benchi inalia kraa, na yeye aliendelea kuimba sawa vile hakuna kitu.

Sasa sikia, na kama uko wima, ikala chini. Mutoto wetu Kamate amekuwa mutu mukubwa. Si miye mama yake nasema, ni Bunia yote inasema. Ule Kamate mwenye alianza na panga moja na barre ya chuma ya kuazima, kung'oa visiki ku mashamba ya kahawa, leo iko na batumikaji kumi na ine. Iko na camion, hata kama haiwake mupaka isukumwe. Ku mulango ya camion aliandikisha: KAMATE, KUFYEKA, KUNG'OA, KUVUNJA. Ule fundi ya rangi alitaka kuandika kwa Kifaransa. Nikamuambia, baba, Kifaransa ilisha kuvunja ukuta gani?

Na ile namna yake ya kutumika, ni miye nilimufundisha, usisikie mutu mwengine. Bengine banafika, banagonga ukuta mara moja. Kumbe mu majani muko nyoka, muko chupa, muko kisima ya zamani, mutu anavunjika muguu. Kamate hapana. Siku ya kwanza ni majani tu: migomba, maua, miti ya lupango, yote inakatwa, inang'olewa, inachomwa, mupaka udongo inabaki wazi sawa kichwa yenye imenyolewa. Siku ya pili njo nyumba. Tangu ameanza, hakuna mutumikaji yake hata moja alisha kuumia.

Basi bakubwa ba barabara bamemupa kazi yenye kila mutu alikuwa anaitaka: kupanua barabara ya Lumumba, toka ku pompe ya maji mupaka ku chapelle ya kusalia. Manyumba makumi ine, yote upande moja. Ile siku nilivaa kikwembe yangu ya Pasaka, na haikuwa Pasaka.

Tuma samaki kidogo na Fulgence, ule dereva ya camion ya samaki. Nakukumbatia.

Yaya yako, Kavira

Tchomia, tarehe 2 ya mwezi wa ine 1984

Yaya Kavira,

Fulgence alinifikishia barua yako na kipande ya sabuni. Aksanti. Athanase anaweza kufunga macho. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Nageuza samaki juu ya moshi, naenda kumugeuza yeye ku kitanda, narudia samaki. Siku inaisha. Ni hivyo.

Nafurahi juu ya Kamate. Umupe mukono yangu.

Nilisoma barua yako mara tatu. Ulisema toka ku pompe mupaka ku chapelle. Nyumba yangu iko kati ya pompe na chapelle. Ulisema upande moja. Haukusema upande gani. Weye njo unashika ufunguo yangu, unafungua madirisha kila posho, mbele ya siku ya Mungu, kwa hiyo unajua. Unijibu ile tu.

Juu Adèle iko kule nyuma ya jikoni. Unajua, lakini naandika. Kwetu mutoto mudogo akifa hatumupelekaki mbali, analala karibu na jikoni, fasi yenye mama yake anapitaka. Na kama inapashwa kumutoa, mama yake njo anashika udongo ya kwanza na mukono yake mwenyewe. Basi uambie Kamate aningojee. Athanase akiweza kuikala bila kuanguka, nitamuachia jirani, nitapanda Bunia.

Samaki kumi ni ya weye. Tano ni ya Kamate.

Hortense

Bunia, tarehe 29 ya mwezi wa ine 1984

Kwako mudogo wangu mupendwa,

Samaki ilifika muzima, hata moja haikupotea, Fulgence ni mutu ya haki. Nilipika na sombe, Kamate alikula, akaniambia, «Mama, mama mudogo ya Tchomia anajua moshi.» Nikamujibu, anajua juu nilimufundisha. Hapo alicheka. Mvua imeanza. Huku bei ya chumvi, usiniulize.

Sasa batu banasimama ku barabara kuangalia Kamate anavunja. Hubert, ule mwalimu ya zamani, analeta kiti yake toka nyumbani, anaikala pale asubui yote sawa ku sinema. Ukuta inaanguka ndani, haiangukake inje. Manjanja ya paa inatoka kwanza, misumari moja moja, kisha mbao, kisha matofali. Mwenye nyumba anarudishiwa bitu yake yote yenye kupangwa vizuri. Mwanamuke moja alilia, nyuma alinishukuru. Aliniambia, «Mama Kamate, kama ni kuvunjiwa, heri kuvunjiwa na mutoto yako.»

Ile yenye uliuliza: ndiyo, iko ndani. Baliandika namba ku mulango na chokaa, vingt-trois, makumi mbili na tatu. Usiogope. Balianza upande ya chapelle, na weye uko upande ya pompe, kwa hiyo ni mambo ya mwezi wa saba. Balishakupimia parcelle ingine ya kujenga. Na Kamate si mutoto ya inje, ni mutoto yako.

Na kama haupate njia, miye niko hapa. Mutoto ya mudogo wangu ni mutoto yangu, miye ni mama yake mukubwa. Mukono yangu na yako ilitoka fasi moja.

Yaya yako, Kavira

Tchomia, tarehe 20 ya mwezi wa tano 1984

Yaya,

Nakusalimia, na Kamate, na Mama Geneviève na benchi yake. Athanase aliikala siku moja, dakika kidogo, kisha akaanguka upande. Sikufikia kumushika.

Hapana. Usimuguse. Sikatae mukono yako, lakini haikuwa mukono yako yenye ilimufunika. Nitafika mwezi wa saba, hata kama ni kulala juu ya magunia.

Kwa Kamate: nyuma ya jikoni kuko ile miti mbili ya majani marefu, miye njo nilipanda, moja ku kichwa na moja ku miguu. Hakuna musalaba, hakuna jiwe. Ni ile miti tu. Bakikata bitu yote, ile miti mbili baache.

Fulgence anasema barabara ya mulima imeharibika, camion tatu zimekwama mu matope. Namupa hii barua. Sijui itafika siku gani.

Hortense

Bunia, tarehe 16 ya mwezi wa sita 1984

Mudogo wangu Hortense,

Barua yako imefika jana. Camion ya Fulgence ililala mulimani siku nyingi. Alifika na ndevu, hata bibi yake alimuogopa.

Basi nakuandikia kama yote imekwisha, na imekwisha vizuri. Bakubwa ba barabara balisema katapila inatakiwa fasi ingine, kazi imalizike haraka. Hatukuwa na namna ya kungojea. Adèle tulimutoa, tulimupeleka ku makaburi ya kanisa. Seremala alifanya sanduku ya mbao ya libuyu, mbao safi, niliichagua mwenyewe. Kitambaa nyeupe, ya mupya. Katekista alisoma, Geneviève aliimbisha bamama, hata batu ya njiani balisimama na kutoa kofia. Kamate alibeba sanduku ku kichwa, kwa miguu, toka Lumumba. Hakutaka camion. Ungemuona, ungejivuna sawa miye.

Nyumba ilianguka kwa nusu siku tu. Mulango yako, madirisha, manjanja makumi tatu na mbili, yote iko kwangu, imefunikwa.

Hapa siye tuko. Kuku ya mabaka imekufa.

Kavira

Tchomia, tarehe 8 ya mwezi wa saba 1984

Yaya,

Nakusalimia.

Nilimusomea Athanase barua yako. Alifunga macho mara moja. Miye sikulia. Niliwaza nitalia jioni, jioni ikafika, nikapanga kuni. Kwa hiyo ninakuambia aksanti, juu ya mbao, na kitambaa, na bamama. Aksanti kwa Kamate mwenye alibeba dada yake.

Sasa nyumba haiko, mwezi wa saba sitafuti njia tena. Nitapanda Athanase akipata nguvu.

Kitu moja. Nilimuzika na shanga yake ya kiunoni, nyeupe na bluu, nilitunga mwenyewe mbele hajazaliwa. Uzi inaoza lakini shanga haiozaki. Ulipomutoa uliiona. Unitumie hata moja na Fulgence, uifunge mu karatasi.

Hortense

Bunia, tarehe 5 ya mwezi wa munane 1984

Kwako mudogo wangu,

Siye wazima. Kamate amepata kazi ingine, kufyeka fasi ya kujenga nyumba ya masomo, hectares ine, visiki sawa meza. Batumikaji yake sasa ni makumi mbili na moja. Batu banamuita «Patron» hata mbele yangu, na yeye anaona haya. Alinunua redio. Ananiambia nisibebe tena sufuria ku chantier, fasi ya kazi, atatafuta mutu, nikamuambia siku nitaacha kupikia batumikaji yako njo siku utanizika.

Alphonse, ule mukubwa ya batumikaji, amezaa mapacha. Mvua hakuna. Umukande Athanase na mafuta.

Kavira

Tchomia, tarehe 1 ya mwezi wa kenda 1984

Yaya,

Haukunijibu juu ya shanga.

Hortense

Bunia, tarehe 30 ya mwezi wa kenda 1984

Hortense,

Nilienda soko nikanunua shanga, nyeupe na bluu. Nilizisugua na udongo na majivu mupaka zikaonekana za zamani. Nilifunga mu karatasi sawa vile uliniambia, nikamupa Fulgence. Camion ikaondoka. Kisha nilikimbia nyuma yake, na haya magoti yangu, toka soko mupaka ku pompe, napiga kelele «Fulgence! Fulgence!», batu banacheka, bamoja banasema, «Angalieni mama ya Patron!» Alisimama. Nikamuambia nilikosa karatasi. Akanirudishia.

Kwa hiyo nakuandikia.

Kamate alijua kuko mutoto pale. Nilimuambia ile siku yenye nilisoma barua yako ya kwanza, na alisema atafika mwenyewe siku ya kufyeka kwako, hakuna panga itaanguka yeye hajafika. Ile posho, tarehe mbili ya mwezi wa sita, bakubwa ba barabara balimuita ku bureau asubui, balimungojesha mupaka saa kenda. Hakuwaza kama Alphonse ataingia kwako bila yeye. Alphonse na batu yake balimaliza nyumba ya vingt-deux, baliingia vingt-trois, ya weye. Hakuna mutu alibaambia kitu. Balifanya kazi sawa vile nilibafundisha.

Miye nililetaka chakula saa sita. Nilikuta udongo wazi. Migomba, maua, ile miti mbili, yote iko mu moto. Alphonse aliniambia, «Mama, angalia, hata kidole haiwezi kujificha.» Alikuwa anangojea nimusifu. Nilimusifu. Nilibagawia bugali.

Siku ya kwanza ya kazi, kisha siku ya Mungu, Kamate alifika, sanduku iko tayari, katekista na bamama bako ku makaburi banatungojea. Nyumba na jikoni ilishaanguka ile posho, juu ya haraka ya bakubwa ba barabara. Hakukuwa mulango ya kupimia wala ukuta ya kupimia. Kamate aliniuliza, «Mama, ni wapi?» Batumikaji yote banatuangalia. Nilionesha na kidole. Sikujua, lakini nilionesha. Tangu nimuzae, kama Kamate ananiuliza kitu mbele ya batu, sijamuambia hata siku moja kama sijui.

Nilishika udongo ya kwanza. Tulichimba. Udongo mwekundu. Nikasema, songa kidogo. Tulichimba. Kijiko ya zamani na muzizi. Nikasema, songa tena. Ya tatu, bure. Mutu ya katapila alikuwa anawasha, anazima, anawasha. Alisema atapita saa ine, hata kama muko Papa ndani.

Nilimutuma Kamate ku camion kutafuta kitambaa. Alipogeuka, nilichota udongo na mikono mbili, nikaweka mu sanduku, tena, tena. Aliporudi nilimuambia, «Nimemupata. Usiangalie, mutoto mwanaume haangaliake.» Nikafunika na kitambaa, tukapiga misumari. Alipobeba alisema, «Mama, iko nzito.» Nikasema, njo hivyo. Alilia njia yote. Miye sikulia. Tangu ile siku chumvi na pilipili ni moja tu mudomoni. Napika, batumikaji banasema ni tamu, naitika.

Katapila ilipita saa ine. Sasa ni barabara. Fulgence anaisifu, anasema camion haitikisike.

Hiyo njo yote. Unipige, uniite jina yenye unataka. Lakini Kamate hajui. Yeye anawaza alimubeba dada yake. Siku hizi mbele ya kufyeka kokote anasimamisha batu yake, anauliza mwenye fasi, «Nani iko chini?» Akijua kama alibeba udongo, na sijui aliacha nini chini ya katapila, hatashika tena barre. Namujua. Nakuomba usimuambie. Hiyo tu njo naomba.

Kavira

Tchomia, tarehe 21 ya mwezi wa kumi 1984

Yaya Kavira,

Barua yako ilifika siku moja na Kamate. Yeye aliketi mbele ya camion ya Fulgence, barua iko mu mufuko ya Fulgence, kati yao umbali ya mukono moja tu.

Alileta mulango yangu, madirisha na manjanja makumi tatu na mbili. Hakuna hata moja ilipindika. Siku mbili alitumika hapa, na Athanase anamufuata na macho yake. Alipaua jikoni yangu. Alisema, «Mama mudogo, mwaka wote nilikuwa navunja, wacha nijenge kidogo.» Ana mikono ya baba yake.

Nilisoma barua yako nyuma ya majiko ya samaki, yeye iko juu ya paa anapiga misumari. Nikaifunga. Nikageuza samaki.

Jioni alinielezea ile siku. Alinielezea yote: sanduku, mbao, namna alikataa camion. Alisema, «Mama mudogo, alikuwa nzito. Sikuwaza mutoto mudogo anaweza kuwa nzito vile.» Aliniangalia usoni. Mudomo yangu ilikuwa tayari, Yaya. Nilitaka kumuambia. Si juu ya kumuumiza, ni juu asiwe mutu moja tu mwenye kulala usingizi kati yetu.

Nilimuambia, «Aksanti, mutoto wangu. Ulimubeba vizuri.»

Alilia tena. Nilimupa samaki, alikula tatu.

Nimemusomea Athanase barua yako Kamate akishaenda. Sikumuuliza kitu, kwa hiyo hakujibu.

Jirani ataikala na yeye siku ine. Nitapanda na Fulgence kwa siku ya bafu, ile ya kuombea benye balikufa. Kamate ananingojea ku pompe, ameniambia yeye mwenyewe atanifikisha ku makaburi, anionyeshe fasi. Nilikubali. Atanunua maua, usimukataze.

Sitaki kulala kwako. Nitalala kwa Geneviève. Sina kitu ya kukuambia mu nyumba.

Lakini ku makaburi utakuja. Utasimama upande wangu, karibu, mabega yetu iguse, juu Kamate atakuwa anatuangalia. Nitapiga magoti mbele ya ile udongo yako na nitaita jina ya mutoto wangu mbele yake, kwa sauti. Na sala utaianza weye, juu weye njo mukubwa.

Hortense